Daktari wa Mifugo Anajibu: Biskuti za Nyumbani kwa Mbwa Anayedhurika na Chakula

Katika toleo lililopita nilieleza kwa kifupi kwamba mbwa anayejikuna mwaka mzima, masika na kiangazi, huenda anadhurika na kitu kilichomo katika chakula chake, na nikaongeza kwamba vitafunwa vya mbwa wa namna hiyo vinaweza kuokwa nyumbani. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowagusa wasomaji kuliko nyingine zote. Barua zilizofika zinaonyesha upendo mkubwa kwa wanyama hawa, na baadhi yake zinaonyesha pia hatari ambazo zinaweza kuepukwa mapema, kwa hiyo nafasi yote ya mwezi huu nimeitoa kwa jambo hili moja.

SWALI: Shikamoo Daktari. Tuna mbwa dume mchanganyiko wa miaka minne, mwenye uzito wa kilo 18, tunamwita Popi. Kwa mwaka mzima amekuwa akilamba nyayo zake hadi manyoya yamegeuka rangi ya kutu, na masikio yake yametibiwa mara tatu lakini usaha unarudi. Daktari wetu amekwisha kuhakikisha kwamba hana viroboto wala utitiri, na sasa ametuagiza tumlishe nyama ya sungura na viazi vitamu peke yake kwa wiki nane. Wanangu wamezoea kumpa biskuti anapotii amri, na wameniomba nimwokee za nyumbani kwa unga wa ngano usiokobolewa, siagi ya karanga, yai na asali. Je, zitamfaa, maana hazina kemikali za dukani? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa mwaka mzima wa kuhangaika na masikio hayo. Nianze kwa kumshukuru daktari wenu kwa kufuata mpangilio unaostahili, kwa sababu mbwa wengi wanaojikuna katika mazingira yetu hawasumbuliwi na chakula hata kidogo. Wanasumbuliwa na viroboto na utitiri, na mwenye mbwa anayebadilisha chakula kabla ya kuwamaliza wadudu hao hupoteza miezi na fedha bila kupata jibu. Ninyi mmekwisha kuvuka hatua hiyo.

Biskuti hizo hazimfai kwa sasa, na sababu yake haihusiani na kemikali za dukani. Mbwa mwenye mzio hudhurika na protini, na protini ya ngano iliyookwa jikoni kwako ni ile ile iliyookwa kiwandani. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya taarifa za mbwa 297 waliokuwa na mzio wa chakula, na ndani yake nyama ya ng'ombe iliwadhuru asilimia 34, maziwa na mazao yake asilimia 17, nyama ya kuku asilimia 15, na ngano asilimia 13. Utaona kwamba vinavyoongoza si vyakula vya ajabu, bali ni vile ambavyo mbwa hupewa kila siku, kwa kuwa kwa kawaida mwili hujenga mzio dhidi ya kitu ambacho umekwisha kukutana nacho mara nyingi. Ndiyo maana mmeagizwa sungura, mnyama ambaye bila shaka Popi hajazoea kumla.

Yai, karanga na asali huenda visiwe na kosa lolote kwake, na huenda siku moja akavila bila shida. Lakini kazi ya wiki hizi nane ni kuupumzisha mwili wake na kila kitu kinachoshukiwa, kisha kuangalia kama nyayo na masikio yatatulia. Ukiongeza biskuti yenye vitu vinne vipya, na wiki nane zikaisha akiwa bado anajilamba, hutajua kama sungura ndiye aliyeshindwa au ni biskuti iliyoharibu kazi yote, na itabidi mwanze upya. Kwa hiyo biskuti ya Popi kwa sasa ni lazima itokane na vitu viwili tu alivyoagizwa, na habari njema ni kwamba vitu hivyo viwili vinatosha kabisa.

Watu wa Kanda ya Ziwa hukata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba na kuvianika juani hadi vikauke kabisa, na vipande hivyo huviita michembe. Michembe ikitwangwa na kuchekechwa hutoa unga mkavu wenye utamu kidogo, na unga huo ukikandwa pamoja na viazi vilivyopondwa hukubali kusukumwa na kukatwa bila yai wala ngano. Tayarisha gramu 200 za unga huo, ambazo ni kama kikombe kimoja na nusu. Chemsha mnofu wa sungura kwa maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu na bila viungo vya pakiti, kisha upekue kwa vidole ili kuondoa kila mfupa, kwa maana mifupa ya sungura ni myembamba na hupasuka ikawa na ncha kali. Utwange mnofu hadi ulainike, ukihitaji gramu 150. Ongeza gramu 200 za viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, ukande vyote pamoja huku ukitia supu ya sungura kijiko kimoja kimoja, hadi donge liache kunata mkononi, kisha uliache dakika 15 ili unga unywe maji. Lisukume liwe na unene wa nusu sentimita, ukate vipande vidogo 75 hivi, na uvioke kwa nyuzi joto 160 za Selsiasi kwa dakika 30. Vigeuze, upunguze moto hadi nyuzi 100, na uviache kwa saa moja au zaidi mpaka viwe vikavu vya kuvunjika kwa sauti.

Hapa naomba usimame kidogo, kwa sababu wengi huharibu kazi nzuri katika hatua ndogo. Kifimbo na kibao cha chapati vya nyumba nyingi vimekunywa unga wa ngano kwa miaka, na kuvisuuza hakutoshi. Sukuma donge kwa chupa safi juu ya sinia ya bati. Vivyo hivyo mashine ya kusaga ya mtaani: ukipeleka michembe yako baada ya mteja aliyesaga ngano au soya, unga wako utatoka na mabaki yake, ndiyo maana nimesema itwangwe kinuni nyumbani. Wasomaji wengine wawili wameniuliza kama nyama ya mbuzi inaweza kushika nafasi ya sungura inapokosekana sokoni. Kwa mbwa anayeshukiwa kudhurika na nyama ya ng'ombe sishauri, kwa kuwa ng'ombe, kondoo na mbuzi ni wanyama wanaocheua na baadhi ya protini zao zinafanana kiasi cha kuuchanganya mwili. Ni afadhali kununua sungura wawili kwa pamoja na kuwagandisha kwenye friza kuliko kubadilisha nyama katikati ya safari.

Kuhusu kiasi, vitafunwa vya mbwa yeyote visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayoihitaji kwa siku. Mbwa mtu mzima wa kilo 18 aliyehasiwa anahitaji kama kilokalori 1,000 kwa siku, na biskuti moja kati ya hizo 75 ina kilokalori 15 hivi, kwa hiyo Popi anaweza kupewa sita kwa siku, na watoto wakizivunja vipande viwili watakuwa na zawadi kumi na mbili za kumpa. Mbwa hahesabu uzito wa zawadi. Hufurahia kwamba amepewa.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko mapishi. Nimewahi kumtibu mbwa ambaye mwenyewe alifuata masharti yote kwa wiki sita bila mafanikio, hadi tulipogundua kwamba mlinzi wa usiku, kwa wema wake, alikuwa akimgawia kipande cha chapati kila alfajiri. Mlinzi yule hakuwa amefanya kosa, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Keti na watu wote wa nyumbani, dada wa kazi, watoto, mlinzi, hata jirani anayetupa mifupa juu ya ukuta, uwaeleze kwamba tonge moja linatosha kurudisha ugonjwa, na uwaachie kopo la biskuti hizi ili nao wawe na kitu cha kumpa. Angalia pia dawa ya minyoo, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya kutafuna vimetiwa ladha ya nyama ya ng'ombe; mwombe daktari visivyo na ladha. Na uwe na subira: katika mbwa wanaougua kweli mzio wa chakula, wanne kati ya watano huonyesha nafuu kufikia wiki ya tano, na zaidi ya asilimia 90 kufikia wiki ya nane. Ukikata tamaa wiki ya tatu utakuwa umeacha karibu na mlango.

SWALI: Assalamu alaikum Daktari. Nina mbwa wa ulinzi hapa Mombasa. Kila akipewa maziwa, au mkate uliolowekwa katika chai ya maziwa, huharisha siku hiyo hiyo, ila ngozi yake ni nzima na siku nyingine zote hana tatizo. Ningependa kumwokea biskuti kwa tui la nazi badala ya maziwa. Sina oveni, nina jiko la makaa tu, na tena chochote kikavu hapa pwani hulegea kwa siku mbili. Nifanyeje? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Mbwa wako, kwa jinsi ulivyomweleza, yuko katika hali nyepesi kuliko Popi, na ni vizuri tuzitenganishe hali hizi mbili. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili, na hata chembe ndogo huweza kuuchochea. Alicho nacho mbwa wako ni tumbo lisiloweza kumeng'enya sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Watoto wa mbwa wana kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo, nacho hupungua wanapokua, kwa hiyo sukari hubaki utumboni, huvuta maji, na mnyama huharisha. Huhitaji kumpunguzia chakula hadi vitu viwili. Mwondolee maziwa na chai ya maziwa, ambayo kwa kweli haimfai kwa sababu ya majani yake pia, kisha umtazame kwa wiki mbili. Kuhara kukiendelea hata bila maziwa, apimwe minyoo kabla ya kukilaumu chakula kingine.

Tui la nazi naomba uliache. Halina laktosi, lakini tui zito limejaa mafuta, na mafuta mengi kwa mpigo humharisha mbwa upya na wakati mwingine huwasha uvimbe katika kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali. Maji yanatosha. Changanya gramu 250 za unga wa mtama, gramu 150 za samaki aliyechemshwa bila chumvi na kuondolewa miba yote, yai moja, na maji kidogo kidogo hadi donge lishikane. Mtama husukumika kwa shida kwa kuwa hauvutiki kama ngano, kwa hiyo finyanga vidonge vidogo na uvibonyeze kwa uma. Dagaa wa chumvi wasitumike, hata wakilowekwa.

Kuhusu oveni, mama zetu wameoka mikate ya kumimina na keki kwa kupalia makaa muda mrefu kabla ya umeme kufika majumbani, na biskuti za mbwa ni rahisi kuliko keki kwa kuwa hazihitaji kuumuka. Tandaza mchanga mkavu na safi chini ya sufuria nzito, weka juu yake sahani ya bati yenye vidonge vyako, funika kwa mfuniko ulio bapa, kisha uweke makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko. Moto uwe wa kufifia. Baada ya dakika 25 fungua, geuza, na uendelee hadi pande zote ziwe kavu. Kisha ondoa makaa ya chini, acha ya juu yajifie yenyewe, na uziache biskuti humo ndani hadi sufuria ipoe, maana joto hilo la mwisho ndilo linalozikausha hadi kiini.

Unyevu wa pwani hautashindwa kwa kopo peke yake. Oka kiasi cha siku nne au tano, uweke katika chombo chenye mfuniko wa kubana ndani ya friji, na kilichozidi kigandishwe katika friza, ambamo kitadumu miezi miwili bila kuharibika. Biskuti iliyoota ukungu itupwe yote, usikwangue sehemu iliyooza na kubakisha nyingine. Katika nyumba za Waislamu vyombo vya mbwa kwa kawaida huwa mbali na vyombo vya familia, na desturi hiyo inasaidia sana katika kazi hii: mbwa akiwa na sufuria, bakuli na mwiko wake mwenyewe, hakuna mabaki ya maziwa au vitunguu yanayomfikia.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Familia yetu inalima makadamia katika kaunti ya Murang'a. Nimesoma kwamba mbwa hawawezi kumeng'enya nafaka, hasa ngano, kwa hiyo nimefikiria kusaga makadamia yaliyovunjika, ambayo wanunuzi huyakataa, niyafanye unga wa kuoka biskuti za mbwa zisizo na ngano, nami nizijaribu kwa mbwa wetu kabla ya kuziuza. Una maoni gani? *Msomaji, Murang'a*

JIBU: Nzuri, kijana wangu, na nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuwasha moto. Tafadhali usimpe mbwa yeyote biskuti hizo. Makadamia ni sumu kwa mbwa. Ndani ya saa 12 baada ya kuila, mbwa hulegea miguu ya nyuma hadi kushindwa kusimama, hutapika, hutetemeka na joto la mwili hupanda. Wengi hupona ndani ya siku mbili wakiangaliwa vizuri, lakini hakuna sababu ya kumpitisha mnyama katika mateso hayo. Dalili zimeonekana kwa kiasi cha gramu mbili na kidogo kwa kila kilo ya uzito wa mwili, maana yake kokwa kumi hivi zinatosha kumwangusha mbwa wa kilo kumi, na katika biskuti iliyotengenezwa kwa unga wake angezifikisha kokwa hizo kwa dakika chache.

Uliyoyasoma kuhusu nafaka nayo si sahihi. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu waliowazaa, wamezidisha nakala za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, mabadiliko yaliyotokana na kuishi karibu na mavuno ya binadamu kwa vizazi vingi. Mbwa wa kawaida humeng'enya ugali, wali na hata mkate. Wapo wachache wanaodhurika na protini ya ngano, na ziko jamii mbili zinazofahamika kuwa na tatizo la kurithi la namna hiyo, Irish Setter na Border Terrier, lakini kwa mbwa asiye na dalili yoyote kuondoa ngano hakumwongezei afya. Ukitaka kuoka bila ngano, mtama, wimbi na mchele vipo tele karibu nawe.

Kwa kuwa umenigusia biashara, nitaje vitu vingine ambavyo mwokaji wa nyumbani huvitia bila kujua. Cha kuogopwa zaidi ni zailitoli, aina ya sukari inayotumiwa katika bazoka zisizo na sukari, katika baadhi ya siagi za karanga zinazotoka nje, na katika vyakula vya wagonjwa wa kisukari. Kwa binadamu haina neno, lakini katika mwili wa mbwa huamsha insulini kwa wingi, sukari ya damu huanguka kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, na ini linaweza kuharibika; soma kila kibandiko, na ukiona neno hilo rudisha kopo rafuni. Zabibu mbichi na zabibu kavu huua figo. Chokoleti na kakao zina theobromini inayouendesha moyo mbio. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu, na hapa ndipo vidonge na unga wa kuongeza ladha ya mchuzi vinapokuwa hatari, kwa kuwa vingi vina vitunguu ndani yake pamoja na chumvi nyingi. Kungumanga ya keki iachwe. Donge lenye hamira lisiachwe mahali mbwa anapofika, kwa sababu huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

Na usiandike kwenye mfuko kwamba biskuti zako hazileti mzio. Hakuna biskuti ya namna hiyo. Andika kila kilichomo, bila kuficha hata kijiko kimoja cha mafuta, na mwenye mbwa ataamua.

SWALI: Daktari, nina gunia la unga wa dona ambalo limeanza kunuka ukungu kidogo. Nyumbani hatulili tena. Naweza kuutumia kwa biskuti za mbwa, nikizioka sana? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na naomba usiwape hata kuku. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kutengeneza sumukuvu, ambayo haiharibiwi na joto la oveni wala la makaa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, kwa kuwa hushambulia ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumukuvu ya mahindi, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, na mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo huko uliko jambo hili linafahamika vizuri. Mbwa aliyekula unga wa namna hiyo akiacha chakula, akitapika, au ufizi na weupe wa macho ukigeuka manjano, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Unga wa biskuti uwe ule ambao wewe mwenyewe ungeusongea ugali leo.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mbwa wetu jike amemaliza wiki nane za sungura na viazi vitamu, na sasa hajikuni hata kidogo. Tunashukuru Mungu. Sungura ni ghali hapa Moshi, nasi tunatamani kujua nini hasa kilikuwa kinamdhuru. Kuna mtu ametuambia tutume nywele zake zikapimwe. Utatushauri nini? *Msomaji, Moshi*

JIBU: Marahaba, na hongereni sana, wiki nane za kumnyima mbwa unayempenda tonge kutoka mezani si jambo dogo. Fedha za kupima nywele zitunzeni, kwa sababu vipimo vya nywele na vya mate havijaweza kutofautisha mbwa mwenye mzio wa chakula na asiye nao. Kipimo cha kuaminika mnacho tayari jikoni kwenu, nacho ni biskuti.

Endeleeni na mlo wake wa sungura bila kubadilisha chochote, kisha okeni mkupuo mmoja wa biskuti za michembe kama nilivyoeleza kwa msomaji wa Arusha, lakini mahali pa mnofu wa sungura tieni kitu kimoja mnachotaka kukijaribu. Anzeni na kile ambacho alikuwa akila zaidi zamani, na kwa nyumba nyingi hicho ni nyama ya ng'ombe. Mpeni biskuti hizo kila siku kwa wiki mbili, kwa kuwa mbwa mwingine hurudi kujikuna ndani ya saa chache na mwingine huchukua siku 14. Akianza kulamba nyayo, kutikisa masikio au kuharisha, acheni mara moja, mrudisheni kwenye biskuti za sungura hadi atulie kabisa, na mshukiwa huyo aandikwe. Wiki mbili zikipita salama, kitu hicho kimeruhusiwa, na mnaweza kuhamia kwenye kuku, kisha yai, kisha ngano, kimoja baada ya kingine na kamwe si viwili kwa pamoja. Ikiwa kabla ya wiki nane alikuwa akivimba uso au kupata dalili kali za ghafla, jaribio hili lisifanywe nyumbani bali mbele ya daktari.

Wekeni daftari karibu na kopo la biskuti, na kila jioni mtu mmoja aandike tarehe, kilichomo katika biskuti, idadi aliyopewa, hali ya masikio, nyayo na kinyesi. Mkipata vyakula vitatu au vinne vilivyo salama, pelekeni daftari hilo kwa daktari wenu, au kwa vituo vya mafunzo ya tiba ya wanyama kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ili mpangiwe mlo kamili wa kudumu wenye madini na vitamini za kutosha, kwa sababu nyama na viazi peke yake, hata vikimpendeza, havina kalsiamu inayomtosha. Biskuti za sungura zilizobaki zigandisheni. Zitahitajika kila mtakapomjaribu kitu kipya.